Rememberings: kumbukumbu za Sinéad O'Connor kwa sauti yake mwenyewe

Kitabu cha kumbukumbu cha Sinéad O'Connor, Rememberings, kilitolewa Juni 2021, miaka miwili kabla ya mwandishi wake kufariki dunia, na kinapatikana kwa namna mbili: cha kuchapwa na cha kusikiliza. Mapitio haya yanahusu toleo la kusikiliza, ambalo amelisoma yeye mwenyewe, na nasema mapema kwamba kwa maoni yangu hilo ndilo linalostahili fedha ya msomaji. Kitabu hiki kina mapengo mengi. Ukiyasoma mapengo hayo kwa macho, unaweza kuyadhania uzembe wa mwandishi au wa mhariri. Ukiyasikia kutoka kinywani mwa mtu aliyepotewa na miaka hiyo, unaelewa kwamba nayo ni sehemu ya habari anayoisimulia. Sijakutana na kitabu kingine cha msanii mashuhuri kinachomwonyesha msikilizaji, kwa umbo lake na si kwa maelezo tu, jinsi akili iliyojeruhiwa inavyokumbuka.

Kwa wale wanaomfahamu kwa wimbo mmoja tu, inafaa kukumbusha alikuwa nani. Alizaliwa Dublin tarehe 8 Desemba 1966 na kukulia Glenageary, kitongoji cha kusini mwa jiji hilo. Albamu yake ya kwanza, The Lion and the Cobra, ilitoka mwaka 1987, na ya pili, ya mwaka 1990, ndiyo iliyobeba Nothing Compares 2 U, wimbo uliotungwa na mwanamuziki wa Marekani Prince, ambao katika video yake tunamwona akiwa amenyoa kipara, uso wake umejaa skrini, na machozi yanamtoka mahali wimbo unapotaja maua aliyoyapanda mama. Hakuishia hapo. Aliimba nyimbo za jadi za Kiayalandi, akarekodi albamu nzima ya rege mjini Kingston pamoja na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare, wapigaji mashuhuri wa rege wa Jamaika, iliyotoka mwaka 2005, akaigiza kama Bikira Maria katika filamu ya Neil Jordan ya mwaka 1997, akapewa upadri mwaka 1999 na askofu wa kundi lililojitenga na Roma, na mwishoni akawa mwandishi wa nathari. Mtu wa nyanja nyingi kiasi hicho huwa vigumu kumweka katika rafu moja dukani, na kitabu chake kina ugumu uleule.

Jambo la kwanza linalosikika ni onyo. Katika dibaji anaeleza kwamba hakumbuki zaidi ya alichompa mchapishaji, ukiacha yale ya faragha na yale anayotaka kuyasahau. Anasema kwamba alikuwepo, akiwa na fahamu zake kamili, mpaka albamu yake ya kwanza ilipotoka. Baada ya hapo alijificha mahali fulani ndani ya nafsi yake, akaanza kuvuta bangi, na hakuiacha kabisa mpaka katikati ya mwaka 2020. Mtu akiwa hayupo pale mambo yanapotukia, atayasimulia vipi? Waandishi wengi wa kumbukumbu hujaza nafasi za namna hii kwa magazeti ya zamani na simulizi za marafiki, kisha wakajifanya wanakumbuka. Yeye ameziacha wazi. Utoto na ujana wake vimesimuliwa kwa sura fupi fupi zenye picha kali, kila kitu kikiwa na rangi na harufu yake. Miaka ya baada ya 1992 inapita kwa kasi, mara kwa mara kwa kurukaruka, na kuna mahali muongo mzima unabaki sentensi chache. Asiyesikiliza dibaji atalalamika katikati ya safari kwamba kitabu kimemtupa. Kwa hiyo dibaji isirukwe.

Sauti yenyewe ni ya chini, yenye lafudhi ya Dublin, na haina uigizaji. Hilo lina uzito mkubwa pale anapofika kwa mama yake. Wazazi wake walitengana mwaka 1975, katika nchi ambayo katiba yake ilikataza talaka mpaka wananchi walipopiga kura ya maoni mwaka 1995, na baba yake, mhandisi aliyesomea sheria na kuwa wakili, alikuwa miongoni mwa waliopigania mabadiliko hayo. Watoto walipokuwa kwa mama yao walipigwa, na Sinéad anaeleza jinsi alivyolazimishwa kutamka tena na tena, huku akipigwa, kwamba yeye si kitu. Vilevile mama alimfundisha kuiba, ikiwemo fedha zilizokusanywa kwa ajili ya sadaka. Msomaji wa kitaaluma aliyeajiriwa angezisoma kurasa hizi kwa sauti ya kutetemeka ili tuhuzunike. Yeye anazisoma kwa utulivu wa mtu anayetoa ushahidi aliokwisha kuutoa mara nyingi bila kuaminiwa, na utulivu huo unaumiza zaidi. Kinachonishangaza ni kwamba bado anampenda mama huyo, anamtetea, na anamlilia alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1985. Wasikilizaji waliozoea simulizi zenye mwovu mmoja na mwathirika mmoja watapata taabu hapa, na ni taabu yenye faida.

Sura ninazozithamini kuliko zote ni zile za An Grianán. Alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, baada ya kukamatwa kwa wizi wa dukani, alipelekwa katika nyumba hiyo ya mafunzo iliyokuwa ndani ya eneo la watawa la High Park, Drumcondra, kaskazini mwa Dublin, akakaa humo miezi kama 18. Eneo hilo lilikuwa pia na mojawapo ya nyumba za kufulia zilizojulikana kwa jina la Magdalena, ambamo wanawake waliozaa nje ya ndoa, au waliohesabiwa tu kuwa wakaidi, walifanyishwa kazi bila malipo, baadhi yao maisha yao yote. Alipotoroka na kurudishwa, adhabu yake ilikuwa kupelekwa ghorofani kulala katika bweni la wanawake wazee waliokuwa wakingoja kufa. Hakuelezwa kwa nini. Usiku alisikia wazee wale wakiita watawa, na hakuna mtawa aliyekuja. Baadaye ndipo alipoelewa fundisho alilokusudiwa kulipata: asipotii, naye ataishia pale, katika kitanda kama kile, akiita bila kuitikiwa.

Nimelirefusha jambo hili kwa sababu ndilo msingi wa kila alichofanya baadaye, na kwa sababu historia imemthibitisha. Mwaka 1993, watawa walipouza sehemu ya ardhi ya High Park, mabaki ya wanawake 155 yalifukuliwa kutoka makaburi yasiyo na majina, na Ayalandi nzima ikashtuka. Nyumba ya mwisho ya aina hiyo ilifungwa mwaka 1996. Serikali haikuomba radhi rasmi mpaka Februari 2013, kupitia kwa waziri mkuu Enda Kenny. Msichana aliyelala katika bweni lile alikuwa ameyasema hayo kwa miaka mingi, na aliitwa mwendawazimu kwa kuyasema. Pamoja na hayo yote, sura hizi zina mtawa mmoja mwema, Sista Margaret, aliyemnunulia gitaa na kumtafutia mwalimu. Mwandishi mwenye kinyongo angemwacha nje. Yeye anamtaja kwa upendo, na sauti yake pale inalainika waziwazi.

Kutoka hapo msikilizaji anafika kwenye tarehe 3 Oktoba 1992 akiwa amejiandaa, tofauti na watazamaji wa Marekani waliouona usiku ule bila kujua chochote. Tukio lenyewe linajulikana: katika Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho na muziki cha televisheni ya Marekani, aliimba War ya Bob Marley bila ala, kisha akachana picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili mbele ya kamera, kupinga dhuluma dhidi ya watoto ndani ya Kanisa Katoliki. Kitabu kinaongeza vitu vidogo ambavyo picha za video hazisemi. Picha ile haikununuliwa kwa ajili ya onyesho. Ilikuwa imetundikwa ukutani katika chumba cha kulala cha mama yake, na aliichukua mama alipofariki, akahama nayo nyumba hadi nyumba kwa miaka saba. Gauni jeupe la lesi alilovaa lilikuwa la mwimbaji Sade, alilolinunua mnadani London. Kwenye mazoezi ya jioni ile aliinua picha ya mtoto, akawaomba wapiga picha waivute karibu, na kila mtu akaridhika. Ndipo usiku, kipindi kikiwa hewani, akainua picha nyingine.

Mpenzi wa rege wa Arusha au Mombasa ataona haraka kitu ambacho wahakiki wengi wa Ulaya wamekipita bila kukitazama. Maneno ya War si ya Marley kwa asili. Yametoka katika hotuba ya Mfalme Haile Selassie mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1963, hotuba iliyosema kwamba dunia haitaiona amani maadamu iko falsafa inayoihesabu jamii moja kuwa bora kuliko nyingine. Sinéad aliwapenda Marasta, alikaa nao New York, na alilichukua andiko hilo la Kiafrika kama mtu anayechukua andiko takatifu, akaingiza ndani yake dhuluma dhidi ya watoto. Kwake vita ile ilikuwa moja. Ukiifahamu asili ya maneno yale, kitendo chake kinaonekana kama sala yenye mpangilio kamili, na habari ya kwamba alirukwa na akili hewani haisimami tena. Ni mwaka huohuo pia alipotoa nyumba yake ya Los Angeles kwa Msalaba Mwekundu kwa ajili ya watoto waliokuwa wakifa kwa njaa Somalia, habari ambayo haikupewa hata robo ya nafasi iliyopewa ile picha.

Wiki mbili baadaye, tarehe 16 Oktoba, alizomewa Madison Square Garden katika tamasha la kumuenzi Bob Dylan, akaachana na wimbo aliopangiwa na kuipaza War kwa nguvu zake zote. Mwimbaji mwenzake Kris Kristofferson ndiye aliyemfuata jukwaani kumtia moyo. Wasimulizi wa maisha yake huuita usiku wa Oktoba mwisho wa kazi yake. Yeye katika kitabu anageuza hesabu: anasema kuwa na wimbo nambari moja ndiko kulikomtoa njiani, na kuchana picha kukamrudisha. Namwamini. Mtu anayesikiliza sura za An Grianán kwanza, kisha hizi, hawezi kudhani kwamba alitaka kuwa nyota wa nyimbo za mapenzi.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyowagawa wahakiki, na ndiyo inayohusu zaidi afya ya akili. Sehemu kubwa ya habari za utoto na ujana aliiandika kabla ya Agosti 2015. Mwezi huo alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kizazi pamoja na ovari, na, kwa maelezo yake, aliondoka hospitalini bila kuelezwa kwamba mwili wake ungekoma kutengeneza homoni ghafla wala kupewa tiba ya kuziba pengo hilo. Kilichofuata ni kuporomoka kwa akili kulikochukua miaka, pamoja na kutamani kufa. Aliporudi kwenye muswada alikuta kumbukumbu nyingi zimeondoka. Nusu ya kwanza ya kitabu na nusu ya pili zimeandikwa, kwa namna fulani, na watu wawili. Wahariri wangeweza kulainisha mshono huo. Nashukuru hawakufanya hivyo. Katika vitabu vingi vya maradhi ya akili, mgonjwa huzungumza akiwa amekwisha kupona, kwa sentensi zilizopangwa, kana kwamba ugonjwa ulimpitia jirani yake. Hapa ugonjwa umeacha alama katika kitabu chenyewe, na msikilizaji anausikia bila kuambiwa.

Maelezo yake kuhusu majina ya ugonjwa yanahitaji subira. Mwaka 2007 alimwambia Oprah Winfrey kwamba alikuwa ametambuliwa kuwa na bipola, maradhi ya akili ya hisia kupanda na kushuka mno; baadaye akasema kwamba madaktari wengine hawakukubaliana na utambuzi huo, na kiwewe cha utotoni kikapewa nafasi kubwa zaidi. Ongeza hapo fibromayaljia, maradhi ya maumivu ya mwili mzima yaliyomfanya mwaka 2003 atangaze kuacha muziki kwa muda, na ambayo kwa macho ya mtu wa nje hayaonekani kabisa. Ndiyo aina ya ulemavu ambayo hata jamaa wa karibu huidhania uvivu au deko. Kitabu hakitoi mhadhara juu ya hayo. Kinaonyesha tu mwanamke anayelazimika kuahirisha matamasha, kukosana na watu, kurudi kwao na kuwaomba radhi, kisha kuanza upya, na sehemu hizi ningezirefusha kama ningekuwa mhariri wake.

Anapozungumzia hospitali, hata hivyo, anafunguka. Kwa miaka mingi alikuwa akiingia na kutoka St Patrick's, hospitali ya magonjwa ya akili mjini Dublin iliyoanzishwa kwa mali aliyoiacha mwandishi Jonathan Swift alipofariki mwaka 1745. Anaizungumzia kama mtu anavyozungumzia mtaa wake: wauguzi, wagonjwa wenzake, ratiba, utani wa mezani. Hakuna aibu katika sauti yake. Jambo hili linafaa kusikilizwa kwa makini kwetu Afrika Mashariki, ambako Mirembe kule Dodoma na Mathari kule Nairobi hutajwa mara nyingi zaidi kwa kumtukana mtu kuliko kwa kumtakia nafuu, na ambako aliyewahi kulazwa huko hujifunza kuficha miaka hiyo asikose kazi au mchumba. Nchini Kenya ilikuwa mpaka Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Ayalandi iliacha kuliita jambo hilo kosa mwaka 1993, mwaka uleule ilipoacha kuwaadhibu wanaume wanaopendana. Sinéad aliishi pande zote mbili za mwaka huo.

Hapo tunafika kwenye suala la mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2000 alitangaza kwamba anapenda wanawake. Mwaka 2005 akasema kwamba robo tatu yake inapenda wanaume na robo iliyobaki inapenda wanawake. Wengine walimcheka kwa kugeukageuka, na hata miongoni mwa watu wa jamii hiyo wapo waliohisi kwamba amewasaliti. Kwangu hesabu ile ya robo ni ya mtu anayejaribu kusema kweli kwa usahihi mbele ya waandishi wa habari wanaotaka jibu la neno moja. Na kabla hajajitangaza chochote alikuwa amekwisha kuonyesha anasimama na nani: mwaka 1990, sheria ikiwa bado inawaadhibu, alipanda kwenye The Late Late Show, kipindi kilichotazamwa na familia nzima za Ayalandi, akiwa amevaa fulana ya shirika la Dublin AIDS Alliance, na mwaka huohuo akashiriki katika albamu ya Red Hot + Blue ya kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Wakati Waayalandi walipopitisha ndoa za jinsia moja kwa kura ya maoni tarehe 22 Mei 2015, huenda miongoni mwa waliopiga kura ile walikuwamo waliomwona utotoni akiwa na fulana ile.

Wasikilizaji Waislamu watataka kujua kuhusu kusilimu kwake Oktoba 2018, alipochukua jina la Shuhada' Davitt, na baadaye Shuhada' Sadaqat, huku akiendelea kutumia jina la Sinéad katika kazi zake. Njia yake ilikuwa ya msomaji: alipitia maandiko ya dini nyingi, akaiacha Qur'ani mwisho kwa sababu ya chuki aliyokuwa amerithi bila kuichunguza, na alipoifungua akajiona kwamba alikuwa Mwislamu siku zote bila kujua. Kitabu hakitumii kurasa nyingi hapa, na anayetafuta maelezo ya fikihi au jinsi alivyounganisha imani hiyo na maisha yake ya nyuma hatayapata. Nilitamani zaidi. Katika mazishi yake ya tarehe 8 Agosti 2023, sheikh Umar Al-Qadri ndiye aliyeongoza ibada, na mashabiki wakajaa barabarani kando ya bahari katika mji wa Bray wakiimba nyimbo zake, na mkusanyiko ule unaeleza maisha yake kwa ukamilifu ambao sura hizi fupi hazikuufikia.

Zipo kasoro nyingine. Kisa cha usiku alioupitia nyumbani kwa Prince, ambapo anasema alitishwa, akapigwa kwa mto uliofichwa kitu kigumu ndani, na kukimbia alfajiri, kiliuza magazeti mengi kitabu kilipotoka. Kimesimuliwa kwa ufundi mkubwa, lakini kimekula nafasi ambayo ingefaa kupewa wanamuziki aliofanya nao kazi kwa miaka mingi. Sehemu anayoeleza albamu zake moja baada ya nyingine inafanana na maandishi ya ndani ya jalada la CD. Katika kitabu cha karatasi unaweza kuichungulia kila unapoisikiliza albamu husika. Katika sauti inakuwa orodha ndefu, na humfaa tu yule mwenye nyimbo hizo karibu yake, anayesimamisha usomaji na kuusikiliza wimbo kabla ya kuendelea. Lugha yake ni ya mtaani, matusi ni mengi, kwa hiyo isichezwe sebuleni mbele ya wazee na watoto. Lafudhi nayo itamsumbua anayesoma Kiingereza vizuri lakini hajazoea kukisikia kutoka Dublin: baadhi ya maneno anayameza, na katika sura za mwanzo kupunguza kasi ya usomaji kwenye programu kunasaidia sana.

Kuna onyo zito zaidi. Kitabu kina ukatili dhidi ya watoto, ikiwemo wa kingono, na kina habari za kutaka kujiua. Aliyepitia hayo asisikilize peke yake usiku, na asione haya kuruka sura. Ni vigumu pia kuyasikia anayoyasema kuhusu watoto wake kwa furaha, ilhali tunajua kwamba mwanawe mmoja alifariki Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 17, na yeye mwenyewe akafuata London tarehe 26 Julai 2023, akiwa na miaka 56, kwa maradhi ya mapafu. Hakuna awezaye kusikiliza leo kama walivyosikiliza walionunua wiki ya kwanza.

Mwishoni ameweka barua kwa baba yake, na hiyo peke yake inatosha kunifanya nikipendekeze kitabu hiki kwa mzazi yeyote mwenye mtoto anayeugua akili. Baada ya sura zote zile za kipigo, anamwambia mzee wake asijilaumu, wala asimlaumu mama, kwa sababu angeugua hata kama angelelewa na Mtakatifu Yusufu na Bikira Maria. Ukisikia kwa haraka unaweza kudhani anafuta ushahidi wake mwenyewe. Hafuti. Kipigo kilikuwepo, bweni la wazee lilikuwepo, upasuaji ulikuwepo, bangi ilikuwepo, na ilikuwepo pia akili aliyozaliwa nayo; anakataa kuchagua kimoja na kukiita chanzo. Familia ngapi hupoteza miaka zikitafuta wa kulaumiwa, mganga akimtaja shangazi na daktari akiitaja damu ya ukoo, huku mgonjwa mwenyewe akingoja mtu wa kuketi naye? Barua hii inamwondolea baba mzigo huo, na anaisoma kwa uchangamfu, akikaribia kucheka.

Kitabu cha kusikiliza hununuliwa kupitia programu za simu zinazouza vitabu vya sauti, na malipo huhitaji kadi ya benki au kadi pepe inayotolewa na kampuni ya simu. Faili likishapakuliwa husikilizwa bila intaneti, jambo linalowafaa wanaosafiri masafa marefu kwa basi. Toleo la karatasi linabaki na faida kwa anayetaka kunukuu au kurejea ile sehemu ya albamu. Mwanafunzi wa historia ya Kanisa, mhudumu wa afya ya akili, mpenzi wa rege na mtu yeyote aliyewahi kuitwa kichaa kwa kusema jambo lililokuja kuthibitika, wote watapata kitu humu. Anayetaka porojo za mastaa atachoka mapema. Anayetaka kuonja kabla ya kulipa asichague sura ya Prince ambayo imetangazwa sana. Asikilize dibaji, kisha aende moja kwa moja An Grianán.